Udongo Uliolishwa Samadi

Mimi ndiye niliyeuchafua ule udongo, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuulinda. Nasema mapema ili msije mkalisikia kwa watu wengine. Jina langu ni Usumani Maneno, fundi magari. Miaka ishirini na miwili nimefungua injini kule chini Gikondo, Kigali, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya maghala. Oili chafu tulimwaga kwenye shimo karibu na choo. Dizeli ya kuoshea vyuma tulimwaga hapohapo. Hakuna aliyetuuliza, na kusema kweli hata sisi hatukujiuliza, maana oili ilizama vizuri tu na kesho yake shimo lilikuwa na nafasi tena.

Kisha gereji zikahamishwa. Kiwanja kikanunuliwa na kampuni ya Bwana Mutsinzi, likasimamishwa bango kubwa lenye picha ya maghorofa meupe, watoto wanaoendesha baiskeli na mama mmoja anayeicheka saladi. Juu yake wakaandika Makazi ya Ihirwe. Sisi mafundi tulioondolewa tukaambiwa tutakumbukwa. Wenzangu walikumbukwa kwa fulana. Mimi nilikumbukwa kwa kazi ya ulinzi, pamoja na barua yenye mhuri: siku udongo utakapopasi vipimo, Usumani Maneno atakuwa ameandikiwa nyumba namba moja, chini kabisa, mlango unaofungukia usawa wa ardhi.

Mlango huo ulikuwa wa Mama Kaze, mke wangu. Magoti yamemwisha. Tunakaa mlimani, na kutoka barabarani hadi kwetu kuna ngazi tisini na nne, nyingine za saruji, nyingine za jiwe, nyingine ni shimo tu ambalo watu wamelizoea. Anazishuka Ijumaa tu. Kuzipanda kunamchukua tangu adhuhuri hadi alasiri iko mlangoni. Siku sita zilizobaki anakaa juu, anatazama mabati ya watu. Ile barua ilipofika nilimsomea mara tatu, na kila nilipofika kwenye neno mlango alinyoosha miguu bila kujijua.

Aliyeletwa kuutibu udongo ni binti anayeitwa Kaliza, mtaalamu, amekulia Mwanza kabla ya wazazi wake kurudi nyumbani. Kiswahili chake kimenyooka, mpaka nikiongea naye nachagua maneno kama niko mbele ya kadhi. Alikuja na bomba la kutobolea ardhi na chupa ndogondogo za vioo. Alitoboa mashimo sita, yote yakatoka na udongo wa kawaida. Nikamwonea huruma.

"Binti, toboa pale kwenye nyasi zilizokauka," nikamwambia.

Shimo la saba lilitoa tope jeusi lenye harufu ya ujana wangu. Majibu ya maabara yalipokuja, udongo ule ulikuwa na mafuta miligramu elfu tisa na mia nne kwa kila kilo. Ilitakiwa zisizidi mia tano. Kaliza alinitazama kwa heshima mpya akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia uzee una mambo yake.

Dawa yake ilikuwa hivi. Udongo wote mchafu ulichimbwa, ukalazwa juu ya karatasi nene ya plastiki, likawa lundo refu lenye kimo cha mtu. Ndani yake, alisema, kuna vijidudu vinavyokula mafuta, ila ni vivivu, lazima vibembelezwe. Kwa hiyo kila Jumatatu lori la samadi ya ng'ombe lilikuja kutoka Masaka. Kila asubuhi mimi nililinywesha lundo maji. Kila Alhamisi vibarua waliligeuza lipate hewa. Jioni tulilifunika kwa turubai lisipigwe na baridi. Miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kufunikwa hivyo.

Baada ya miezi minne mafuta yalishuka hadi elfu mbili na mia sita. Kaliza alifurahi. "Yamebaki kidogo, Mzee Usumani. Miezi mitatu minne tu." Halafu bibi yake akaugua Mwanza, akaondoka wiki tano, akaniachia daftari la kuandikia maji.

Hapo ndipo alipoingia Nizeyimana, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kiongozi wa mtaa. Nizeyimana ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, mashindano. Mwaka juzi tulikuwa wa pili kwa usafi, mwaka jana wa pili kwa ulinzi, na hilo la pili lilikuwa limemkaa kooni. Mwaka huu mashindano yalikuwa ya bustani za jikoni. Kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, mboga mlangoni, watoto wasipungukiwe damu. Jambo zuri kabisa. Ila kwetu mlimani hakuna udongo. Kuna mwamba, ngazi na mifereji. Nizeyimana aligawa magunia ya kupandia mboga, watu wakayapokea, wakayatundika ukutani matupu.

Akawa anapita kwenye uzio wangu kila siku, anatazama lori la samadi likishusha.

"Muzehe Usumani," aliniita siku moja, "hii udongo iko nakula nini tena?"

"Samadi. Inaumwa."

"Inaumwa? Sha, mimi nikiumwa napewa chai ya rangi. Hii inapewa samadi, inapewa maji, inafunikwa na shiti! Hakuna udongo kama hii Kigali yote."

Nilimwambia una mafuta ndani. Akachota kiganjani, akanusa. Baada ya miezi minne ya samadi ulikuwa mweusi, laini, unabomoka vizuri. Ulinuka zizi.

"Mafuta ilikuwa," akasema. "Sasa imekwisha. Wewe iko unasikia mafuta?"

Nilinusa. Wallahi sikusikia mafuta. Miaka ishirini na miwili ndani ya dizeli, pua yangu ilishastaafu kabla yangu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lazima niliseme: nilikuwa nimeulea ule udongo kwa mkono wangu, nikauonea fahari. Mtu akiusifia nilivimba kichwa. Tena Mama Kaze naye gunia lake lilikuwa tupu ukutani, na alishaniuliza mara mbili, kwa upole wake ule unaouma kuliko kelele, kama mume wake mwenye udongo mwingi kuliko wote Gikondo hawezi kumletea ndoo moja.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, wakaja watu mia moja na zaidi, na majembe, na karai, na nyimbo. Mimi mwenyewe nilifungua lango. Gunia la kwanza nililijaza mimi, likapanda ngazi tisini na nne kwenda kwa Mama Kaze. Yaliyofuata sikuyahesabu, mpaka ikabaki plastiki tupu. Na kwa kuwa sisi ni watu tunaojua adabu, hatukumwachia binti wa watu shimo. Kule Niboye kulikuwa na mtu anachimba msingi kwenye shamba la viazi vitamu, anatafuta pa kutupa udongo. Malori mawili yakamwaga. Kufika saa tano lundo lilikuwa na kimo kilekile, urefu uleule, limesawazishwa pembeni kwa reki na kufunikwa turubai. Nizeyimana alilizunguka akasema limependeza kuliko mwanzo.

Kilichonishangaza ni jinsi mboga zilivyoota. Dodo, ule mchicha wetu, ulitoka majani mapana mpaka majirani wakapiga picha. Mama Kaze alipika kila siku. Siku moja alinusa sufuria akacheka.

"Usumani, hii dodo inanuka kama shati lako la zamani. Lile la gereji."

"Vibaya?"

"Hapana. Nimekumbuka tu ukirudi kazini."

Nikala nikaongeza.

Kaliza aliporudi alifunua turubai akasimama. Udongo wa Niboye ni mwekundu. Akauliza mbona umebadilika rangi. Nikamwambia umepona. Alichimba kwa mwiko wake kuchukua sampuli, akatoa mzizi wa kiazi kitamu wenye chipukizi.

"Huu umeingiaje humu?"

"Ndege," nikasema.

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo masikio yananiwaka.

Alijaza chupa zake kumi na mbili, akaziweka kwenye boksi la barafu. Baada ya wiki moja majibu yakaja, na Bwana Mutsinzi akaja nyuma ya majibu na kicheko kilichofika langoni kabla ya gari. Mafuta yalikuwa hayaonekani kabisa. Hata mashine ya maabara iliandika kwamba haina cha kupima. Mutsinzi amekulia Kampala, ni mtu wa kazi za haraka. Papo hapo alitangaza sherehe Alhamisi ijayo, hema jeupe, wageni wakubwa, na mimi nikabidhiwe ufunguo wa nyumba namba moja mbele ya kamera.

Kaliza peke yake hakucheka. Alibaki na mimi, ameshika ile karatasi.

"Mzee, hata udongo wa mbele ya nyumba ya mama yangu una mafuta kidogo. Vijidudu havifanyi kazi hivi. Elfu mbili na mia sita hazipotei ndani ya wiki tano."

"Na kama zingekuwepo bado," nikauliza, natazama viatu vyangu, "mtu akapanda mboga mle?"

"Asile. Mafuta hayo ya zamani yana mambo mengi ndani. Leo hayakuui. Ila mtoto anayekua, mama mjamzito, mtu mwenye maradhi yake... Asile kabisa, Mzee. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nilizipanda zile ngazi siku hiyo bila kupumzika. Nilimkuta Mama Kaze anakata dodo. Nikamnyang'anya kisu, nikang'oa gunia zima ukutani, nikamwambia kila kitu, na lori, na ndege. Nililia, sioni aibu kusema. Alisugua goti.

"Mimi nimekula wiki tatu," akasema. "Wale watoto wa hapo chini wanaendelea kula."

"Nikisema, mlango umekwenda."

"Najua."

"Utabaki na hizi ngazi."

"Usumani, hizi ngazi nazijua moja moja. Ile ya arobaini na saba ndiyo inanitesa." Akasukuma sufuria mbali na jiko. "Nenda kawaambie."

Nilikwenda, lakini nilikwenda kwa mtu asiyekuwa sahihi. Badala ya kwa Kaliza nilikwenda kwa Mutsinzi, kwenye ofisi yake ya kontena, maana saini ya barua ilikuwa yake na moyo wangu ulikuwa bado umeishika ile barua. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Mzee, ripoti inasema nini?"

"Inasema udongo ni safi. Lakini udongo wenyewe uko magunia—"

"Sisi hatukupima magunia. Tumepima lundo. Lundo iko safi." Akanishika bega. "Wewe unataka nyumba ama hutaki? Tungoje Alhamisi ipite. Ijumaa mimi nitatuma watu, watakusanya hizo magunia polepole, hakuna mtu atajua. Sawa, Mzee wangu?"

Nikakubali. Nimeahidi kusema yote, basi na hilo nimelisema. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi nilipita kwenye milango ya watu nawaambia dodo lina wadudu, waliache kidogo. Wakaniambia wadudu wanaoshwa na maji ya chumvi. Nikapita.

Alhamisi hema lilisimama. Walikuja wageni wa suti, wapiga picha, na Nizeyimana amevaa koti la harusi yake. Kaliza aliketi mstari wa pili, ripoti mapajani, uso umefungwa. Hotuba zilikuwa nyingi. Mutsinzi alisema udongo huu ni safi kuliko wakati Mungu anauumba, akaahidi watoto watatambaa juu yake. Kisha akaniita. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya dhahabu, mrefu kuliko mimi, kwa sababu nyumba ilikuwa bado haijajengwa na hapakuwa na kitasa cha kuutosha ufunguo wa kweli. Vijana wawili walinisaidia kuusimamisha. Watu wakapiga makofi.

Nilikuwa tayari kusema asante na kushuka. Mbele ya Mungu, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Lakini Nizeyimana alikuwa ameandaa zawadi ya mtaa. Akina mama waliingia na sufuria, wakaanza kuwapakulia wageni: ugali, samaki, na dodo, lundo la dodo la kijani kibichi kila sahani. Nyuma ya uzio, watoto wa mlimani walikuwa wamejipanga na mabakuli, wameambiwa watapewa kitakachobaki. Msichana wa jirani yetu, yule anayemchotea Mama Kaze maji, alikuwa wa kwanza.

Nikakirudia kipaza sauti.

"Nashukuru kwa mlango," nikasema. "Mheshimiwa Mkurugenzi amesema udongo uliokuwa shimo la saba sasa ni safi. Mimi si mtaalamu. Ila nataka wageni wajue kwamba hiyo dodo haikutoka sokoni. Imeota kwenye udongo huohuo wa shimo la saba. Tuliubeba sisi, siku ya umuganda, mimi ndiye niliyefungua lango. Mle kwenye turubai kuna udongo wa Niboye. Udongo uliotibiwa ni huo, uko kwenye mboga." Nikamgeukia Mutsinzi. "Mkurugenzi, karibu. Tuonyeshe njia, sisi tutafuata."

Mutsinzi alikuwa ameshainua uma, na dodo limening'inia. Angeweza kula. Majani manne matano, angetafuna, angetabasamu, na mimi ningeonekana mzee aliyepigwa na jua. Nilimtazama, na nadhani yeye pia aliliona hilo. Aliutazama ule uma, akawatazama wageni, ambao wote walikuwa wanamtazama yeye, na sahani zao ziko mapajani. Akaurudisha uma kwenye sahani taratibu. Akafuta vidole kwa leso, mmoja mmoja.

"Mimi huwa sili mboga," akasema.

Kaliza alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye lundo, akafunua turubai mbele ya kamera zote, akachimba kwa mkono. Alirudi na mashina matatu ya viazi vitamu. Kisha akaenda kwa wale watoto, akawakusanyia mabakuli, akayaweka chini ya kiti chake.

Nizeyimana alinijia baadaye, macho mekundu. Nilidhani atanipiga. "Muzehe," akasema, "mtoto wangu mdogo iko anakula hii tangu mwezi jana. Kwa nini hukuniambia Jumatatu?" Nililipitia swali hilo njiani, nimelipitia mara nyingi tangu hapo.

Umuganda uliofuata tuliurudisha. Watu walewale, majembe yaleyale, ila bila nyimbo. Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa amechanganya na udongo wake wa kuokoteza, kwa hiyo lundo lililotoka mlimani lilikuwa kubwa mara mbili ya lile lililopanda. Kaliza analitibu upya, na sasa kuna bango: USICHOTE. Watoto walipelekwa hospitali ya Kibagabaga kupimwa damu, na Mama Kaze pia. Walituambia hawaoni baya kwa sasa, turudi baada ya miezi sita. Mtaa wetu tumekuwa wa mwisho kwa bustani, na Nizeyimana anasema angalau si wa pili.

Barua yangu ilichukuliwa. Mutsinzi alisema itaangaliwa upya na kamati, na kamati hiyo sijawahi kumwona hata mjumbe wake mmoja. Kazi ya ulinzi nimebaki nayo, kwa sababu Kaliza alisema hamtaki mlinzi mwingine. Alisema mimi nimeshafanya makosa yote yanayowezekana kwenye udongo ule, mtu mpya atayaanza mwanzo.

Ufunguo wa dhahabu hakuna aliyeudai. Niliukuta nyuma ya hema, umeegemea choo cha kukodi. Nikaubeba begani, nikaukata kwa msumeno vipande viwili, nikaugongomea miguu minne ukawa benchi, nikauweka ngazi ya arobaini na saba. Rangi ya dhahabu bado haijatoka. Ijumaa Mama Kaze akitoka mjini anapanda mpaka pale, anakaa, ananyoosha miguu, na mimi nakaa pembeni yake mpaka aseme twende.